Kabla Hujajaza Fomu ya Hisabati ya Fedha

Mkulima wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, anayeuza butura anafunga mkataba wa fedha, hata kama hakuna karatasi inayosainiwa. Ni Januari, kahawa bado ni kijani mtini, na mtoto anadaiwa godoro, sare na michango ya shule. Mwenye pesa anakuja, anapima shamba kwa macho, anataja bei, na kuanzia siku hiyo mavuno ya Juni si ya mwenye shamba tena. Serikali imeipiga marufuku butura, viongozi wameikemea mikutanoni, na bado ipo, maana shida ya Januari haingoji kahawa iive.

Naanzia hapo kwa makusudi. Mwanafunzi wa Kyerwa au Karagwe akisema anataka kusoma hisabati ya fedha chuo kikuu, huambiwa hilo ni somo la watu wa London na New York, au hushauriwa akasome uhasibu aache kujitesa. Wanaosema hivyo hawajalifungua somo lenyewe. Swali lake kuu ni lile lile la mwenye shamba: ahadi ya kesho ina thamani gani leo, na hatari iliyo katikati aibebe nani?

Tuipigie hesabu. Tuseme mnunuzi wa butura anatoa shilingi 1,000 kwa kilo ya maganda mwezi Januari, na Juni bei sokoni inakuwa 3,000. Mkulima hakwenda kukopa, lakini kwa hesabu amechukua 1,000 na kulipa 3,000 baada ya miezi sita. Tafuta riba ya mwezi ambayo ikijizidisha mara sita inageuza moja kuwa tatu: ni asilimia 20 kwa mwezi, riba juu ya riba. Hapo tayari tuko jirani na mikopo ya kausha damu. Sasa tuseme mkopeshaji mwingine, naye si mpole, angeridhika na asilimia 5 kwa mwezi. Kama tungekuwa na uhakika wa ile 3,000 ya Juni, bei stahiki ya kilo hiyo Januari ni takribani 2,240. Pengo kati ya 1,000 na 2,240 ndilo la kujadili. Sehemu yake ni malipo halali ya hatari: bei inaweza kuanguka, mvua inaweza kukata, muuzaji anaweza kuuza shamba moja kwa watu wawili. Sehemu iliyobaki ni shida ya mtu mmoja iliyogeuzwa faida ya mwingine. Hisabati ya fedha ndiyo inayotenganisha sehemu hizo mbili, na mpaka hapa hatujavuka hesabu za sekondari.

Chuo kinaanzia pale ambapo ile 3,000 haina uhakika. Fikiria mkulima asiyeuza kahawa yenyewe, ila analipia haki ya kuiuza Juni kwa bei isiyopungua 2,500. Soko likifika 4,000 anaiacha haki hiyo na kwenda sokoni. Likishuka hadi 2,000 anaitumia na kuokoa 500 kwa kila kilo. Haki ya namna hiyo huitwa opsheni. Bei yake iwe ngapi? Mtu wa kawaida atakisia: nusu kwa nusu, wastani wa kuokoa ni 250, ondoa riba, basi. Mwaka 1973 Fischer Black na Myron Scholes, na Robert Merton kwa upande wake, walionyesha kwamba kukisia huko hakuhitajiki. Anayeuza opsheni anaweza kununua na kuuza bidhaa yenyewe kidogo kidogo hadi siku ya mwisho, kwa vipimo vinavyofanya hasara ya upande mmoja ifutwe na faida ya upande mwingine. Gharama ya kazi hiyo ndiyo bei ya opsheni. Maoni yako kwamba kahawa itapanda au itashuka yanaondoka kabisa kwenye kanuni. Kinachobaki kukadiriwa ni ukubwa wa mtikisiko wa bei. Mfaransa Louis Bachelier alikuwa amelianza jambo hili Paris mwaka 1900 katika tasnifu yake, na miaka ya 1940 Mjapani Kiyosi Itô akatunga kalkulasi ya mambo ya nasibu ambayo nadharia yote imejengwa juu yake. Kama aya hii imekufanya utake kuona uthibitisho wake kwenye karatasi, endelea kusoma. Kama umeiruka, nayo ni habari muhimu kukuhusu.

Robusta yetu ina soko la mikataba ya namna hiyo, ila liko London. Mkataba mmoja kwenye soko la ICE ni tani 10 za kahawa safi, kwa dola. Maganda yakikobolewa hubaki karibu nusu, kwa hiyo tani 10 za safi ni karibu tani 20 za maganda. Mwenye magunia manane hana mlango huko. Chama kikuu kama KDCU, kinachokusanya kahawa ya vyama vya msingi (AMCOS) vingi, kina ukubwa unaotosha, lakini nacho kitakutana na mtego: London inahesabu dola na mkulima analipwa shilingi, London inauza safi na mkulima anauza maganda, na London haijui barabara zetu zinakuwaje wakati wa masika. Bei mbili hizo hazitembei sambamba kila siku. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho asiende mbali. Achukue bei za minada ya kahawa ya Kagera iliyoendeshwa kwa mfumo wa TMX, bei za London za siku zile zile na kiwango cha dola cha Benki Kuu, kisha apime zinavyofuatana. Mwaka 2024 robusta ilivuka dola 5,000 kwa tani. Ni kiasi gani cha kupanda huko kilifika Nkwenda, na kilichelewa siku ngapi? Msimamizi yeyote makini ataipokea mada hiyo kwa mikono miwili.

Sasa tuje kwenye fomu. Ushauri wangu mkubwa ni huu: acha kutafuta jina la kozi, tafuta hesabu zilizo ndani yake. Kwa shahada ya kwanza hapa Tanzania, kozi iliyo karibu zaidi na hisabati ya fedha ni takwimu bima, ile wanafunzi wanayoiita aktuaria. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanayo, na IFM wanayo. Shahada ya hisabati au ya takwimu, ukijazia mwenyewe masomo ya fedha, nayo inakufikisha, na kwa maoni yangu wakati mwingine inakufikisha ukiwa imara zaidi. Kinyume chake, kozi yenye neno fedha au benki kwenye jina lake inaweza kukupitisha miaka mitatu bila somo zito la uwezekano hata moja. Soma mwongozo wa udahili wa TCU uone masharti ya kuingia, kisha tafuta prospektasi ya chuo chenyewe na uhesabu masomo kwa kidole: kalkulasi, matriki, uwezekano, takwimu, milinganyo ya diferensia, michakato ya nasibu, uandishi wa programu. Ukiyakuta sita au saba, uko njiani. Ukiyakuta mawili, hiyo ni kozi ya biashara. Si kozi mbaya, lakini ni safari nyingine.

Uamuzi wenyewe hufanyika mapema kuliko watu wanavyodhani, yaani kidato cha nne kinapoisha. PCM, PGM na EGM zina Hesabu za Advance. HGE na ECA kwa kawaida zina BAM, yaani hesabu za msingi, na BAM haikuingizi kwenye kozi hizi. Hapa ndipo wazazi wenye nia njema wanapowapoteza watoto: wanasikia neno fedha, wanamsukuma mtoto ECA, na miaka miwili baadaye mlango umefungwa kwa jina zuri. Kati ya tatu za mwanzo, EGM inampa mtoto uchumi pamoja na hesabu. PCM inamwachia njia nyingi za kurudi nyuma akibadili mawazo, uhandisi ukiwamo. Ningekuwa na mtoto ambaye bado hajajijua, ningempeleka PCM. Mitaala mipya imeongeza tahasusi nyingine, basi usiangalie herufi tu. Uliza kama ndani mna Hesabu za Advance.

Na hesabu zenyewe? Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2023, waliofaulu Hisabati nchi nzima walikuwa takribani robo. Ukipata B shule ya kata ambayo haikuwa na mwalimu wa kutosha wa somo hilo, hujui bado uwezo wako unaishia wapi, na usikubali mtu akuambie unaishia hapo.

Kitakachokushtua chuo ni uthibitisho. Sekondari ulizoea swali lenye jibu la namba. Mwaka wa kwanza unaulizwa kwa nini jibu hilo lipo na kwa nini ni moja tu. Wanafunzi wengi wazuri huanguka hapo kwa sababu wanaendelea kusoma kwa madesa: wanakusanya mitihani ya nyuma, wanakariri, wanapona muhula wa kwanza, kisha sapu zinaanza kuingia muhula wa pili. Dawa ninayoijua ni moja, nayo haina utamu. Kila uthibitisho unaofundishwa, usiku ule ule uandike upya bila kuangalia daftari. Utakwama. Pale ulipokwama ndipo pa kumfuata mwalimu au mwenzako. Kikundi cha watu watatu au wanne wanaogombana juu ya ubao kina faida kuliko mihadhara mingi, na sharti la kikundi ni kwamba hakuna anayekuja kunakili.

Vitabu vipo. Cha John Hull kuhusu opsheni na mikataba ya baadaye kinaeleza soko linavyofanya kazi kwa hesabu nyepesi. Kisome mapema, hata mwaka wa pili. Vya Steven Shreve ni viwili: cha kwanza kinatumia mfano wa bei inayopanda au kushuka hatua kwa hatua, kama mfano wetu wa 4,000 na 2,000, na mwanafunzi mwenye uwezekano wa msingi anakimudu, cha pili usikiguse kabla hujaiva. Masomo ya MIT yaliyowekwa wazi mtandaoni yanajumuisha kozi nzima ya 2013 ya hisabati kwa matumizi ya fedha, na yale ya Gilbert Strang kuhusu matriki. Pakua unapopata Wi-Fi ya chuo, rudi nayo likizo kwenye simu au fleshi, uyasikilize nyumbani bila kuhangaika na bando.

Jifunze pia kuandika programu, Python au R. Usisubiri somo lifike kwenye ratiba. Anza na jambo dogo: programu inayokokotoa bei ya hatifungani. Soko kubwa la fedha la Tanzania kwa mtu wa hesabu ni hilo. Hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) ni chache na kuna siku hazitikisiki kabisa, lakini dhamana za serikali zinauzwa kwa mnada mara kwa mara, na mwenye shilingi milioni moja anaweza kuingia mnada wa hatifungani. Chukua kisa halisi. Mwaka 2021 Benki Kuu ilianza kuuza hatifungani ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95. Mwaka uliofuata riba ya hatifungani mpya za muda huo ikashushwa hadi asilimia 12.56. Aliyeshika ile ya zamani amepata nini? Ukiikokotoa kwa miaka 24 iliyobaki, huku soko likiridhika na asilimia 12.56, kila shilingi 100 ya hatifungani ya zamani inafikia thamani ya takribani 125. Mwenye nayo amefaidi robo ya mtaji bila kufanya lolote. Geuza sasa: riba za soko zikipanda, anayelazimika kuuza anapoteza kwa njia ile ile. Ukiweza kuyaeleza hayo kwa karatasi, kwa programu, na kwa maneno ambayo mjomba wako asiyesoma hesabu atayaelewa, umeshawapita wahitimu wengi.

Niseme na la forex. Kila chuo kina kijana mwenye picha za gari asilolimiliki, anayeuza mafunzo ya kubashiri bei za sarafu kwenye simu. Bumu likiingia, wa kwanza kulipwa ni yeye. Hisabati ya fedha haifundishi kubashiri bei ya kesho. Sehemu kubwa yake inaeleza kwa nini kubashiri huko ni kugumu kiasi hicho. Unataka kujaribu soko? DSE wana shindano la wanafunzi ambalo mtu ananunua na kuuza hisa kwa fedha za kufikirika. Ingia, upoteze fedha za kufikirika.

Kuhusu ada. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa mwaka 2022, lakini chuo kinalipiwa, na kwa familia nyingi za kwetu jibu ni Bodi ya Mikopo. Nyaraka ndizo zinazoangusha watu wa mpakani. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA, na aliyefiwa na mzazi anatakiwa cheti cha kifo, na vitu hivyo wilayani kwetu havipatikani kwa siku moja. Anza kuvifuatilia ukiwa kidato cha sita, usingoje matokeo. Mkopo wenyewe uusome kama mkataba: ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Waliofaulu vizuri zaidi tahasusi za sayansi wana nafasi ya Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023, na hiyo hairudishwi. Ni hoja nyingine ndogo ya kuchagua PCM.

Tukitazama ramani, Nkwenda iko karibu na Kampala na Kigali kuliko Dar es Salaam. Makerere wana shahada ya takwimu bima. Ukitaka kwenda huko, pata kwanza barua ya TCU ya kutokuwa na pingamizi, na usihesabu kwamba Bodi ya Mikopo itakufuata ng'ambo ya mto Kagera. Kwa shahada ya pili, nafasi ninayoipenda kuliko zote ni AIMS ya Kigali, iliyofunguliwa 2016. Ni tawi la taasisi aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 2003 mwanafizikia Neil Turok, ambaye aliishi Tanzania utotoni wazazi wake walipokuwa wakimbizi wa siasa. Wanafunzi wanatoka Afrika nzima, masomo hufadhiliwa, na wanachokiangalia ni hesabu zako. Nairobi nako wako mbele yetu kwa soko: tangu Julai 2019 Soko la Hisa la Nairobi lina jukwaa la mikataba ya baadaye, na Chuo Kikuu cha Strathmore wana walimu na kozi za fani hii.

Kazi zipo? Zipo, ila tangazo halitasema anatafutwa mtaalamu wa hisabati ya fedha. Tafuta maneno kama hatari, mikopo, uwekezaji, takwimu bima. Tangu 2018 kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IFRS 9, inaitaka benki ikadirie hasara ya mkopo kabla haijatokea, na hiyo ni kazi ya uwezekano. Tangu 2023 IFRS 17 imezibana kampuni za bima vivyo hivyo. PSSSF na NSSF zimeahidi pensheni za miaka mingi ijayo, na lazima mtu ahesabu kama fedha zitatosha. Bima ya mazao inahitaji mtu wa kutafsiri mvua kuwa bei. Anayetaka kuwa mtakwimu bima kamili ajue kuna mitihani ya kitaaluma, ile ya taasisi ya Uingereza ikiwa ndiyo inayofuatwa zaidi kwetu. Inalipwa kwa pauni, lakini kuna punguzo kwa wenye kipato kidogo, na mtihani wake uitwao CM2 unagusa moja kwa moja mambo ya opsheni. Fanya mmoja ukiwa bado chuoni, wakati hesabu zingali za moto.

Kwa mafunzo ya vitendo, usijirundike na wenzako wote Dar es Salaam. Andika barua KDCU pale Kayanga, andika tawi la benki, andika AMCOS ya nyumbani ukiomba kuona madaftari ya misimu iliyopita. Huko utakutana na data ambayo haijawahi kuingia kwenye kompyuta.

Tena usiende na kiburi cha kanuni. Scholes na Merton walipewa Nobeli mwaka 1997. Mwaka mmoja baadaye mfuko wa LTCM, ambao wote wawili walikuwa washirika wake, ulianguka hadi benki 14 zikachanga dola bilioni 3.6 kuuokoa. Hesabu zao hazikuwa na kosa la kuzidisha. Walidhani mtikisiko wa soko ungekaa ndani ya mipaka waliyoizoea, na walikuwa wamekopa mno. Mwanamke wa Nkwenda anayekataa kuuza shamba lote butura, akabakiza mibuni michache ya dharura, anafahamu jambo ambalo pale lilisahauliwa.

Neno la mwisho ni kwa atakayejikuta ndani ya kozi hii na kugundua haimfai. Si aibu, na hamna sababu ya kukaa hadi kudisco. Vyuo hufungua dirisha la kuhama kozi kwa muda mfupi mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, na likishafungwa ni mpaka mwaka ujao. Siku unayoripoti, kabla hata hujapata chumba, pita ofisi ya udahili uulize tarehe zake.